Hukuniruhusu, Tulikubaliana

Siku walipomjadili, Tuntufye hakukaa nao sebuleni. Baba Ebenezer, mdogo wa marehemu baba mkwe wake, alikuwemo, na katika ukoo ule wa Ndandalo mkwe wa kike hakai chumba kimoja na baba mkwe wala hamtazami usoni. Kwa hiyo aliwekewa kigoda barazani, chini ya dirisha, akageukia migomba, kesi yake mwenyewe akaisikiliza kwa mgongo.

Alisikia kila kitu. Alimsikia Baba Ebenezer akikohoa na kueleza jinsi alivyoshuka Lyulilo, kando ya ziwa, siku ya gulio kununua samaki, akamwona mke wa Ezra anatoka nyumbani kwa yule afisa uvuvi aliyetoka Bukoba, Jovitus, wameshikana mikono, "na hata waliponiona hawakuwa na aibu ya kuachana." Alimsikia mama mkwe akiguna. Alimsikia shemeji yake Nelson akisema mwanamume yule angevunjwa miguu. Hayo yote hayakumtikisa. Alikuwa anasubiri swali moja tu, na jibu lake alilijua, maana yeye na mumewe walishakubaliana zamani watalijibuje siku likija.

Swali likaja. "Ezra, mwanangu," Baba Ebenezer alisema, na sauti yake ikalainika kama ya mtu anayemhurumia mgonjwa. "Habari hizi wewe ulizijua?"

Mtu alisogeza kiti.

"Sikuzijua, Baba," Ezra akasema.

Tuntufye alidhani amesikia vibaya. Akageuka akalitazama dirisha, akaona pazia tu. Akangoja mumewe ajisahihishe, aseme ulimi umeteleza. Badala yake alimsikia mama mkwe akianza kulia, na watu wakimwambia Ezra pole, pole sana mwanaume mwenzetu, jikaze. Tuntufye akashika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili, kwa sababu alijua akiiachia mikono ile, itavunja kioo cha dirisha.

Ukweli ni kwamba Ezra alijua. Alijua kabla hata jambo lenyewe halijatokea.

Walioana wakiwa vijana wadogo, na miaka ya mwanzo ilikuwa ya kawaida: watoto, mashamba ya mpunga na kakao, na Ezra kupata ajira ya ualimu wa shule ya msingi upande wa Mwaya. Halafu Ezra akaanza kuchepuka. Tuntufye alimfuma mara ya kwanza, akamsamehe, akamfuma tena. Lakini alipojichunguza aligundua kwamba kilichokuwa kinamla moyo hakikuwa yule mwanamke. Kilikuwa ni uongo: kikao cha walimu ambacho hakikuwepo, pikipiki iliyoharibika njiani wakati haikuharibika, kule kuangaliwa usoni na mtu anayekudanganya huku akikumegea ndizi. Akagundua na jingine, ambalo lilimtisha zaidi. Yeye mwenyewe alishawahi kumtamani mtu mwingine, na kutamani kule hakukumpunguzia hata chembe ya mapenzi aliyokuwa nayo kwa Ezra.

Alimwambia hivyo mumewe mchana kweupe, wakiwa wanageuza kakao kwenye chanja, mikono yao ikinuka ule uchachu wa mbegu zilizotoka kuvundikwa. Ezra alikaa chini. Hakuongea naye siku ile wala iliyofuata. Kisha akarudi na maswali, na maswali yakazaa maneno, na maneno yakachukua masika nzima. Waligombana, wakanyamaza, wakaanza upya. Mwishowe wakafika mahali ambapo wote wawili waliweza kusimama.

Kila mmoja angeweza kuwa na mtu mwingine, ila mwenzake aambiwe kwanza, si baadaye. Kinga ni lazima, na kupima wangekwenda pamoja. Kitanda cha nyumbani ni cha wawili. Yeyote akisema basi, nimeelemewa, jambo linasimama, na hakuna kuulizana kwa nini mpaka aliyesema awe tayari. La mwisho alilitaka Ezra mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeogopa watu kuliko mke wake: kama siku moja mambo yatajulikana, hakuna atakayemkana mwenzake.

Ezra alimpata Jubilate, fundi cherehani wa Mwaya aliyefiwa na mume, mwanamke mwenye maneno machache na mkasi mkali. Jubilate hakukubali mpaka alipopanda bodaboda hadi Ndandalo, akabisha hodi mwenyewe. "Mwagonile, dada," alimsalimu Tuntufye, kisha akasema pale pale mlangoni, "mumeo ananiambia unajua. Wanaume wote husema hivyo. Nataka nisikie kinywani mwako." Tuntufye alimkaribisha ndani, akamwambia najua, na wakanywa chai, chai ngumu kumeza kuliko zote alizowahi kunywa maishani mwake.

Jovitus alikuja baadaye sana. Tuntufye alikuwa anapeleka mchele Lyulilo na kurudi na vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ufukwe ule, na yule afisa mrefu mwenye lafudhi ya Kihaya alikuwa akimsaidia kuvipanga visivunjike. Alipomwambia Ezra, Ezra alitoka nje akaenda kukata majani ya ng'ombe mpaka ng'ombe wakashindwa kuyamaliza. Wivu ulimkaba. Alisema basi, na Tuntufye akaacha kwenda Lyulilo kipupwe chote bila kununa. Kisha Ezra mwenyewe akasema, "Nimejiona mchoyo. Mimi ninakwenda Mwaya, wewe umefungiwa." Gulio lililofuata alimbeba mkewe na magunia yake kwa pikipiki mpaka Lyulilo, akampa Jovitus mkono, akarudi.

Haikuwa rahisi. Ilitaka kuongea, na kuongea, na kuongea tena, hata siku ambazo mtu anataka kulala tu. Lakini ilikwenda. Na Ezra wa miaka ile hakumdanganya hata mara moja, mpaka siku hii ya baraza na pazia.

Ukoo uliamua kwamba Tuntufye arudi kwao wakati wazee wanatafakari. Hakurudi kwao. Alikwenda nyumbani kwake, akakaa jikoni, akamsubiri mumewe.

Ezra aliingia akiwa ameshika kofia mkononi kama mgeni.

"Ungetaka niseme nini?" alianza, kabla hajaulizwa. "Tuntu, mle ndani alikuwemo mama. Alikuwemo Nelson. Mwanaume atasimamaje mbele ya baba yake aseme amemruhusu mke wake?"

"Hukuniruhusu," Tuntufye alisema. "Tulikubaliana."

"Wao hawajui tofauti."

"Wewe unaijua! Mimi sikukuomba ruhusa, Ezra, kama wewe usivyoniomba mimi ruhusa ya kwenda kwa Jubilate. Tulikaa masika nzima tukikubaliana. Sasa umeniacha barazani kama mbwa aliyeiba nyama, na wewe ndani unapewa pole. Unapewa pole! Kwa lipi? Nani kafa?"

"Mimi ni mwalimu. Wazazi wa watoto watasema nini?"

"Na mimi ni nani? Mimi sina uso?"

Ezra alijaribu kumshika bega. Tuntufye akautupa mkono ule kama mtu anayejikung'uta siafu. "Usiniguse. Ulipokuwa unachepuka ulinidanganya mimi peke yangu. Leo umenidanganyia ukoo mzima, tena nikiwa nasikia."

Alihamishia godoro lake chumba cha watoto, ambao walikuwa shule za bweni, akafunga mlango.

Kulipokucha simu ya kwanza ilikuwa ya Jovitus. Habari zilishamfikia, Baba Ebenezer alikuwa amemtumia ujumbe kwamba atamfikisha kwa mkuu wake wa kazi kwa kuvunja ndoa ya watu. Tuntufye alitegemea kusikia woga, na woga angeuelewa. Alichosikia ni sauti ya furaha iliyofichwa vibaya.

"Labda ni Mungu amepanga," Jovitus alisema. "Kama wamekufukuza, njoo kwangu. Nitakuoa. Nitajitambulisha kwenu kwa heshima zote."

"Nani amekuambia natafuta mume?"

"Tuntufye, nakutetea."

"Hunitetei, unaniokota. Mimi sijaanguka, Jovitus. Nilikuambia tangu mwanzo nina mume nimpendaye, na wewe ukasema umeelewa. Kumbe ulikuwa unasubiri nyumba yangu iungue?" Akakata simu. Alikasirika hata na jiko, hata na mvua iliyoanza kunyesha wakati kakao iko nje. Aliifunika kakao kwa turubai huku akilia kwa hasira, akavaa gauni la kutokea, akapanda bodaboda kwenda Mwaya.

Jubilate alikuwa anashona sare za kwaya. Alimsikiliza mgeni wake bila kuinua mguu kwenye cherehani, ikawa kama anashona maneno yenyewe. Tuntufye alipofika kwenye lile neno "sikuzijua", mguu ukasimama.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Jubilate aliivua miwani. "Unaelewa maana yake kwangu? Kama hapakuwa na makubaliano, basi mimi ni mwizi wa mume wa mtu. Mimi niliyekuja mpaka mlangoni kwako kuuliza! Nilikataa kuwa mwizi, Tuntufye. Mume wangu alipokufa wanawake wa hapa walianza kuwaficha waume zao wakiniona. Niliapa kwamba hakuna atakayenitazama hivyo kwa haki." Alikunja kitambaa kwa nguvu kama anayekamua maji. "Wanakutana lini tena?"

"Jumapili, baada ya ibada."

"Nitakuja."

Jumapili ile watu walikuwa wengi zaidi, maana waliongezeka wawili kutoka baraza la wazee wa kanisa. Kigoda kiliwekwa barazani pale pale. Tuntufye alikipita. Aliingia sebuleni na Jubilate nyuma yake, akasimama katikati ya chumba na kumtazama Baba Ebenezer machoni, jambo ambalo tangu aolewe hakuwahi kulifanya. Mzee aliinamisha kichwa kwa mshtuko kana kwamba yeye ndiye aliyevunja mwiko.

"Mtoeni huyu!" Nelson alifoka. "Hana adabu!"

"Adabu niliikalia wiki iliyopita, nikaona ilivyonifaa," Tuntufye alisema. "Leo nitasimama. Huyu ni Jubilate wa Mwaya. Muulizeni."

Jubilate hakungoja kuulizwa. Alisema yeye ni mwenza wa Ezra kwa muda mrefu sasa, kwamba mke alijua tangu kabla ya mwanzo, kwamba Ezra alijua ya Lyulilo na ndiye aliyempeleka mkewe kwa pikipiki, na kwamba wote wanne ni watu wazima ambao hakuna aliyemlazimisha wala kumlaghai mwenzake. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kisha akamwangalia Ezra, aliyekuwa amejikunyata pembeni ya mama yake. "Nikikosea unirekebishe, mwalimu."

Wazee walitazamana. Baba Ebenezer alipopata sauti, uso wake ulikuwa umekunjuka ghafla kama wa mtu aliyepata njia.

"Sasa hapa pana jambo jepesi," alisema. "Kumbe Ezra ana mtu. Hilo tungeambiwa mapema. Babu zake walikuwa na wake wengi. Hata marehemu kaka yangu alikuwa na wawili kabla ya kubatizwa. Kanisani tutaona namna. Mwanamke huyu anaonekana mtulivu, ana kazi yake. Aingie huyu, atoke yule."

Baadhi wakaitikia kwa vichwa. Mama mkwe akajipangusa machozi, akamtazama Jubilate upya, toka kilemba mpaka viatu.

Tuntufye alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichomkwaruza koo. "Mmesikia wenyewe? Kosa ni lile lile. Lake mnalitetea kwa babu na ukoo, langu mnalitolea hukumu ya kufukuzwa. Basi msiseme mna uchungu na ndoa. Semeni mna uchungu kwamba mwanamke naye aliulizwa anataka nini."

"Na mimi si kiti," Jubilate aliongeza, "cha kutolewa kimoja na kuwekwa kingine. Sikuja hapa kuposwa."

"Ezra!" Baba Ebenezer akapaza sauti. "Wanawake wawili wanakuvua nguo mbele ya baba zako. Huna mdomo?"

Ezra akasimama. Alikuwa amekonda katika siku zile chache. Tuntufye alimtazama bila kumsaidia, bila kumpepesea hata ukope. Alimtaka aseme, na wakati huo huo alimchukia kwa kuwa ilibidi asukumwe kiasi hiki.

"Nilijua," Ezra alisema.

"Sema vizuri."

"Nilijua, Baba. Nilijua kabla. Yote aliyosema Jubilate ni kweli. Tulikubaliana, mimi na mke wangu, na aliyevunja makubaliano ni mimi, hapa hapa, nilipowaambia sikujua." Akamgeukia mama yake. "Mke wangu hajanikosea."

Mama yake aliinuka akatoka nje. Nelson alisema kwa sauti ya kutosha wote wasikie kwamba kaka yake ameshalishwa limbwata. Mzee mmoja wa kanisa akatamka kwamba wote wawili, mume na mke, watatengwa na meza ya Bwana mpaka watubu. Baba Ebenezer akasema kikao kimefungwa.

Nje, Ezra aliwafuata wanawake wale wawili mpaka penye kakao za jirani. "Nimesema," alimwambia Tuntufye. "Nimesema mbele yao wote."

"Umesema baada ya kubanwa. Nisingemleta Jubilate ungesema?"

Ezra akatikisa kichwa, na hilo lilikuwa jibu la kweli la kwanza alilompa mkewe tangu baraza lile.

Jubilate alimpa Ezra mkono kama anavyopewa mtu anayehamishwa kituo. "Mimi nimemaliza, mwalimu. Sina ugomvi. Ila siwezi kulala na mtu ambaye jina langu linamtia hofu." Akamkumbatia Tuntufye, akamshukuru, "ndaga fijo, dada," akapanda bodaboda.

Njiani kurudi nyumbani Tuntufye alitamka lile neno ambalo kila mmoja wao alikuwa na haki ya kulitamka. "Basi," alisema. "Kila kitu kimesimama. Kwako na kwangu. Usiniulize mpaka lini." Kesho yake alimpigia Jovitus akamwambia vivyo hivyo, na Jovitus, aliyekwisha kupoa, akaomba radhi kwa kutaka kuoa mwanamke ambaye hakuulizwa.

Zikafuata wiki ngumu. Watu waliwapita njiani bila salamu, na mjini Kyela, mahali Tuntufye alipokuwa akiuza mchele, kulikuwa na wanaume waliomkonyeza wakidhani sasa yeye ni wa yeyote. Mmoja aliyethubutu kumshika kiuno alizabwa kofi lililosikika mpaka kwa wauza dagaa. "Nilimchagua mmoja, nikamwambia mume wangu," alimfokea. "Wewe nani alikuchagua?" Hasira haikumwisha. Iliamka naye asubuhi, ikapepeta naye mchele. Ezra alipika, akafua, akageuza kakao peke yake, na hakuna hata siku moja aliyomwuliza kama imepungua.

Aliyemletea habari alikuwa Jovitus. Alipiga simu, sauti yake ina mshangao. Baba Ebenezer alikuwa ametimiza tishio lake. Jovitus akaitwa kwa mkuu wake wa kazi kujieleza. Alipofika alimkuta Ezra ameketi pale, amevaa shati lake la shule. Ezra alikuwa ametangulia, kwa hiari yake, na kumwambia yule mkuu, makarani wakisikia, kwamba mume anayesemwa ameibiwa mke ndiye yeye, na hajaibiwa kitu. Kwamba mke wake ni mtu mzima, aliongea naye kabla, na kama kuna malalamiko, hayatoki kwake. Mkuu yule alikosa la kuandika akawaruhusu wote waende. Makarani walimcheka Ezra akiwa bado mlangoni.

Tuntufye alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, anatandaza mbegu kwenye chanja.

"Ulikwenda kwa mkuu wa Jovitus."

Ezra akaendelea kutandaza. "Nilikwenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona nikikuambia itakuwa kama nimekwenda ili unisifu. Nilitaka tu lisemwe mahali ambapo hakuna aliyenibana."

Tuntufye alitafuta neno la kumchoma, akalipata, halafu akaliacha. "Makosa hayo hayo," alisema badala yake. "Kwanza unaniambia, halafu unakwenda. Hata jambo jema. Ndivyo tulivyosema."

"Ndivyo tulivyosema," Ezra akakiri.

"Bado nina hasira na wewe."

"Naona."

"Na sitarudi chumbani leo. Wala Lyulilo siendi kwanza. Nikitaka kwenda nitakuambia, na utaniambia kama una wivu, tutakaa tuongee mpaka uchoke. Na siku yoyote, Ezra, yeyote, awe mama yako, awe askofu, akikuuliza tena, unajibu nini?"

Ezra aliinua uso. Mbegu zilikuwa zimemganda vidoleni.

"Nilijua," alisema. "Na yeye alijua ya kwangu."

Tuntufye alikunja mikono ya gauni lake, akaenda upande wa pili wa chanja, akaanza kutenganisha mbegu zilizoshikana.